Je, wajua kwa nini gari la kuvuta tani tatu laweza kuelemewa na tela la tani mbili?

Tuseme mkazi wa Ilemela ana Prado na anataka kununua tela la kulala, lile lenye kitanda, jiko dogo na tangi la maji ndani, ili mwisho wa wiki aipeleke familia ufukweni Speke Bay, upande wa Lamadi. Ameambiwa gari lake linavuta tani tatu. Tela alilolipenda likijaa lina tani mbili na kilo mia mbili. Kwa hesabu ya haraka, amebakiwa na nafasi tele. Lakini akishapakia watu na mizigo, gari hilohilo linaweza kuwa limezidiwa hata kabla halijafika Kisesa.

Sababu ni kwamba kinachoisha kwanza si nguvu ya kuvuta, ni uwezo wa gari kubeba.

Tela la aina hii haliburutwi tu. Shingo yake inaegemea boli ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari, kwa hiyo sehemu ya uzito wake inakaa juu ya gari lenyewe kama abiria mwingine. Kwa matela ya kulala yaliyojengwa kwa mtindo wa Marekani na Australia, uzito huo wa shingoni hutakiwa uwe kuanzia asilimia 10 hivi ya uzito wa tela lililopakiwa, na Marekani huruhusu hadi 15. Ulaya hutumia asilimia ndogo zaidi, maana matela yao yamepangwa tofauti. Tela la kilo 2,200 basi linaweka angalau kilo 220 kwenye boli.

Sasa tupige hesabu. Chukua gari ambalo kiwanda kimeliruhusu kubeba kilo 650, watu na mizigo yote pamoja. Baba, mama na watoto watatu: kilo 300. Keria ya juu, bampa la chuma na boli yenyewe: kilo 100. Chakula, jokofu la safari, madumu ya maji, jeki na vifaa vya fundi: kilo 100 nyingine. Zimebaki 150. Ukizichukulia hizo kuwa asilimia 10, tela kubwa kabisa linalolifaa gari hili siku hiyo ni la kilo 1,500, ingawa kitabu kinasema 3,000. Hakuna aliyedanganya. Kile kikomo cha tani tatu mara nyingi hutolewa kwa gari ambalo halijabeba karibu chochote zaidi ya dereva.

Na kilo hizo 150 hazitulii kwa upole. Boli iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ukiikandamiza, pua ya gari inainuka. Ikiwa boli iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.8, basi kilo 150 za shingoni zinaiondolea ekseli ya mbele kilo 64 hivi na kuiongezea ya nyuma kilo 214. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Usukani ukihisi mwepesi ghafla na taa zikaanza kumulika miti badala ya lami, ujue ndicho kilichotokea.

Hapa ndipo mtu anapokimbilia kwa fundi kuongeza majani ya springi. Fundi anaongeza, mkia unainuka, gari linapendeza kwa macho. Binafsi naona tiba hii imewapumbaza watu wengi wazuri. Springi ngumu inainua bodi, lakini hairudishi hata kilo moja kwenye magurudumu ya mbele, wala haiongezi uwezo wa ekseli, beringi, tairi au breki. Vipo vyuma maalumu vya kusambaza uzito, ambavyo hukaza shingo ya tela na gari ili sehemu ya mzigo irudi mbele. Navyo vina masharti: si kila gari wala kila tela linavikubali, na havipandishi kikomo cha kiwanda.

Kwa sisi wenye magari yaliyotumika Japani kuna tatizo jingine. Kibati cha kiwanda kilichobandikwa kwenye gari mara nyingi hakionyeshi kabisa linavuta kiasi gani. Cheti kilichokuja na gari kinaonyesha uzito wa gari na uzito wa jumla, lakini huo wa jumla, kwa magari ya abiria, hupatikana kwa kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Gari la viti vitano linaandikiwa kilo 275 tu za ziada. Namba hiyo ni ya utaratibu wa usajili wa Japani, haikuambii springi na breki zinastahimili nini. Wengi hutafuta gari la jina hilohilo lililouzwa Australia na kunakili kikomo chake. Ni mwanzo mzuri, lakini linganisha injini, giaboksi, breki na hata mwaka. Prado ya toleo la 150 iliwahi kuuzwa kule ikiwa na kikomo cha kilo 2,500, kisha matoleo ya baadaye yakapandishwa hadi 3,000. Sura ni ileile, kibali ni kingine.

Kuhusu injini nitasema kidogo, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa mno vijiweni. Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika mwinuko huo. Yenye tabo haiumii sana. Zaidi ya hapo, injini dhaifu itakuchelewesha tu mlimani. Itakayokuumiza ni breki.

Tela lisilo na breki zake linasimamishwa na gari peke yake. Ulaya na Australia sheria inataka tela linalozidi kilo 750 liwe na breki zake, na ningeshauri mtu yeyote wa huku aufuate mpaka huo bila kusubiri kulazimishwa. Zipo za msukumo, ambazo hujifunga tela linapoisukuma shingo yake mbele, na zipo za umeme, zenye kitufe karibu na dereva. Kwa tela zito chagua za umeme, kwa sababu unaweza kufunga breki za tela peke yake bila kugusa pedali.

Umuhimu wa kitufe hicho unaonekana tela linapoanza kuyumba. Tela linazunguka pale kwenye boli, likienda kushoto na kulia. Mzigo mzito ukiwa mbele kidogo ya ekseli ya tela, kila likiyumba tairi hulirudisha kwenye mstari. Mzigo ukiwa nyuma, kila myumbo unazaa mkubwa zaidi, na mwendo ukiongezeka hufika mahali ambapo mkia unaanza kulitupa gari zima huku na huko. Ndiyo maana mtu anayepunguza uzito wa shingoni kwa kuhamishia madumu nyuma ya tela anajitafutia hatari mbaya kuliko aliyoikimbia. Lita mia za maji ni kilo mia. Kabla ya kununua, uliza tangi limefungwa wapi: mbele ya ekseli, juu yake, au nyuma.

Upepo nao una lake. Tela la kulala lenye upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 2.6 ni ukuta wa karibu mita sita za mraba, na ubavu wake ni mkubwa zaidi. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa ni ongezeko la zaidi ya nusu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lina urefu wa kilomita tatu juu ya maji, na huko juu hakuna kilima wala mti wa kukukinga na upepo wa ziwa unaopiga ubavuni. Basi likikupita hapo, linausukuma upepo kwenye tela kisha linauvuta. Tela refu nyuma ya gari fupi ndilo linaloteseka zaidi. Kwa hiyo ukiwa na matela mawili yenye uzito sawa, chukua lililo fupi na la chini. Kwa gari la familia lenye watu watano, mimi ningeanzia kwenye tela la hema la kukunja, ambalo kwa kawaida huwa jepesi zaidi.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa uzito mtupu. Uliza uzito wa juu ulioruhusiwa, ule unaohesabu maji, gesi, magodoro na sufuria, maana ndivyo utakavyosafiri. Na uzito wa shingoni unaweza kuupima mwenyewe bila gharama kubwa. Omba mizani ya jukwaa inayopimia magunia, kama ile ya wauza mchele na dagaa. Pakia tela kama la safari, tangi likiwa limejaa. Liweke mahali tambarare, zuia magurudumu yake kwa mawe, kisha simamisha kipande cha mti juu ya mizani na ushushe shingo juu yake, mpaka tela likae kwa kimo kilekile linachokaa likiwa kwenye gari. Soma namba. Ikiwa ni kilo 90 kwa tela la kilo 1,500, sogeza vitu vizito mbele na upime tena. Ikifika 230, rudisha kidogo kuelekea ekseli.

Na likianza kuyumba barabarani licha ya hayo yote, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani umenyooka. Usijaribu kufukuzana na myumbo kwa kukata kushoto na kulia, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo kama wengine wanavyoshauri. Kama una kitufe cha breki za tela, kiminye taratibu. Likitulia, egesha pembeni mahali salama, fungua mlango wa tela na uangalie ni nini kilichohamia nyuma.