Patina ni nini, na kwa nini bastola ya kale haipigwi msasa

Mjomba wangu wa Mpwapwa alikuwa na heller 20 ya Tabora, ile sarafu iliyotengenezwa 1916 Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita na fedha za kwao haziingii tena. Ilikuwa imekolea kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Aliposikia kuna mtu anapita akitafuta vitu vya zamani, akaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikawaka kama sufuria ya arusi. Mnunuzi aliishika, akaigeuza mara moja, akamrudishia. "Mzee, hii umeshaiua."

Kilichouawa pale ni patina.

Patina ni utando mwembamba unaojijenga wenyewe juu ya chuma, shaba au mbao kwa miaka mingi ya hewa, jasho la mikono na mafuta. Wakusanyaji wa bastola za silinda (zile zenye gurudumu la risasi linalozunguka) za karne ya 19 ndio wanaoibishania kuliko wote, maana kwao utando huo ni ushahidi kwamba kitu hakijaguswa.

Ila si kila kutu ni patina, watu wengi huchanganya hapo. Patina ya chuma ni ya kahawia au kijivu, imetulia. Ukipitisha kucha haikwami. Kutu hai ni nyekundu, inaacha unga kidoleni na inachimba vishimo. Hiyo lazima izuiwe, kwa mafuta mepesi na kitambaa laini. Msasa na stilwaya viacheni jikoni.

Halafu kuna buluu ya kiwandani. Si rangi ya kupaka: ni uso wa chuma wenyewe uliogeuzwa kwa makusudi kuwa aina ya kutu nyeusi, inayokinga ile nyekundu isiingie. Huisha kwanza mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda, mahali panaposuguana na ala kila bastola inapotolewa na kurudishwa. Kwa hiyo ukiona bastola ya zamani mdomo wake umeiva buluu tupu, na chini ya buluu hiyo kuna vishimo vya kutu, jua imerudiwa buluu baadaye.

Mtu mzoefu hutazama skrubu kwanza. Gurudumu la kung'arishia hula chuma kuzunguka tundu la skrubu mpaka panabonyea kama kisahani. Hufifisha herufi za kiwanda, na kingo zilizokuwa kali hulainika kama sabuni iliyotumika. Chuma kilicholiwa namna hiyo hakirudi hata upake buluu mara kumi.

Vipimo vya hali vinavyotumiwa Marekani na chama cha wenye bunduki, NRA, vinalionyesha hili vizuri. Bastola ya kale iliyobakiza zaidi ya asilimia 80 ya rangi yake ya kwanza huitwa bora. Zaidi ya 30, safi. Sasa angalia ngazi inayofuata, nzuri sana: inaweza kubakiza asilimia sifuri, mradi vipande vyote ni vya asili, kingo kali na maandishi yanasomeka. Iliyopakwa buluu upya huanguka chini ya hapo, japo machoni ndiyo inayopendeza. Mimi naona ni haki.

Chukua Webley Mark VI, bastola ya silinda ya Kiingereza, iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza 1915, mwaka mmoja kabla ya majeshi ya Waingereza kuingia Dodoma. Mkusanyaji hulinganisha namba ya silinda na ya fremu. Zisipooana, vipande vimetoka kwa bastola mbili. Hutazama pia kama nyuma ya silinda pamekatwa ili ipokee risasi za Kimarekani za .45, jambo lililofanywa sana baadaye. Hiyo imepoteza thamani, na kuipiga kwa risasi za nguvu ni hatari.

Kwetu, ukikuta silaha kwenye sanduku la marehemu babu, kwanza ni polisi: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu kuikalia bila leseni. Usiisafishe njiani.

Kwa aliye na kibali, ukame wa Dodoma ni rafiki. Vyuma vya Tanga huliwa na chumvi ya bahari. Adui wa huku ni ile ala nzuri ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na asidi za kutengenezea, na bastola iliyolala humo miaka hutoka na mabaka upande ule ule ilioegemea. Itoe, ifunge kwa kitambaa kikavu, ala iwekwe kando yake.