Kasi haipo kwenye kidole: kwa unayeanza kushindana na bastola

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaoanza ni hili: "Mwalimu, nifanyeje nifyatue haraka zaidi?" Nami huwajibu kwa swali: sekunde zako zinapotelea wapi? Wengi hawajui. Wanadhani zinapotelea kwenye kidole, basi wanakiharakisha kidole, na ndipo shabaha inapoharibika.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani. Wapo waliovutiwa na bastola baada ya kumwona Yusuf Dikeç wa Uturuki kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, akipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko. Ile ni bastola ya hewa, umbali wa mita 10, na duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 tu. Ninaouzungumzia mimi ni ule wa mikono miwili, wa kuchomoa bastola kiunoni, kukimbia, kubadilisha magazini (kasha la risasi) na kupiga shabaha nyingi huku saa inahesabu. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Angalia lipi limetangulia.

Matokeo yake hupatikana kwa kugawanya alama kwa sekunde. Ukitumia risasi za daraja la nguvu ndogo, kama wanaoanza wengi, eneo la A, lililo katikati ya karatasi ya shabaha, lina alama 5, C linalolizunguka alama 3, D la nje alama 1. Ukikosa kabisa unakatwa 10, juu ya zile 5 ambazo ungezipata. Kwa hiyo risasi moja iliyopotea ni hasara ya alama 15.

Sasa tuzitazame sekunde zenyewe. Chukua kituo (yaani zoezi moja la mashindano, lenye muda wake) cha shabaha sita, risasi mbili kila moja, na katikati unabadilisha magazini mara moja. Anayeanza akiwa na siku nzuri, taima (kile kifaa kinachosikia mlio na kuandika muda wa kila risasi) huonyesha kitu kama hiki: kuchomoa hadi risasi ya kwanza, sekunde 2.6. Kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwenye shabaha hiyohiyo, 0.35, na hilo mara sita ni 2.1. Kuhama shabaha hadi shabaha, 0.9, mara nne ni 3.6. Kuhama kule kwenye kubadilisha magazini, 3.7. Jumla ni sekunde 12 kamili.

Kidole kimekula sekunde 2.1 kati ya 12. Hata ukikiharakisha kutoka 0.35 hadi 0.25, umeokoa 0.6 tu. Lakini ukichomoa kwa 1.9, ukihama kwa 0.6 na ukibadilisha magazini kwa 2.5, umeokoa 3.1, na kidole hujakigusa. Ukiwa na A kumi na C mbili una alama 56. Kwa sekunde 12 hiyo ni 4.67, kwa sekunde 8.9 ni 6.29. Yule aliyeharakisha kidole akamaliza kwa 11.4, huku A zikishuka hadi saba, C nne na moja ikapotea, ana 37, yaani 3.25. Amekuwa mwepesi zaidi, na ameshuka chini ya alipoanzia.

Nimeirudia hesabu hii ubaoni mara nyingi, na bado kila mara naona sura za watu zikibadilika wakifika hapo.

Haya, usahihi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapofundishwa nusu. Mtu anaambiwa "linganisha vilengeo" (vile viwili vya kulengea juu ya bastola, cha nyuma na cha mbele), naye anavilinganisha kwa kujikaza mpaka macho yanatoa machozi, anaona kilengeo cha mbele kinatetemeka, kisha anangoja sekunde moja nzuri kitulie ili ainyakue triga. Hayo mawili, kungoja na kunyakua, ndiyo ugonjwa.

Fikiria bastola ambayo kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni sentimita 16. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja pembeni, risasi kwenye mita 5 inahama sentimita 3 hivi, kwenye mita 10 sentimita 6 na kidogo, kwenye mita 20 sentimita 12 na nusu. Eneo la A lina upana wa takriban sentimita 15, yaani saba na nusu kila upande wa katikati. Kwa hiyo kwenye mita 10 milimita nzima ya kosa bado inakupa A, na mtetemo wako wa kawaida ni mdogo kuliko huo. Kwenye mita 20 milimita hiyohiyo imekutoa nje. Mtetemo hauna neno hadi umbali fulani, na kila umbali una kiwango chake cha kuona. Shabaha ya mita 5 inataka uone bastola imekaa katikati ya karatasi, basi. Ya mita 20 inataka uone nuru pande zote mbili za kilengeo cha mbele, sawasawa, na uione mpaka risasi itoke.

Triga ni habari nyingine. Bastola nyingi zina uzito wa kilo moja hivi au pungufu, na triga zake nyingi zinataka nguvu ya kilo mbili au zaidi. Unasukuma kitu kwa nguvu inayozidi uzito wake, huku umekishika hewani. Nguvu hiyo isipokwenda moja kwa moja nyuma, bastola nzima inageuka, na mgeuko huo ni mkubwa kuliko mtetemo wote uliokuwa unauogopa.

Kijana mmoja alinijia akiwa na uhakika kwamba vilengeo vyake vimepinda. "Mwalimu, hii bastola inapiga chini kushoto." Anatumia mkono wa kulia. Sikumbishia. Nilichukua magazini yake, nikachanganya risasi bandia mbili kati ya nane bila yeye kujua zimekaa wapi, nikamwambia apige taratibu kwenye mita 7. Risasi ya kwanza ililia, ya pili ililia. Ya tatu ikawa bandia: tukasikia "tik" tu, na mdomo wa bastola ukazama kama kichwa cha bata anayekunywa maji, karibu vidole viwili, kisha ukapanda. Akabaki ameitazama. Hakukuwa na mlio wala teke (ule mrusho wa bastola risasi inapotoka), hakukuwa na cha kusingizia. Mwili ulikuwa umelisubiri teke na kulisukuma kabla halijaja.

Dawa yake haikuwa maneno. Tuliendelea na zoezi lilelile dakika ishirini, risasi bandia zikitokea pasipojulikana, hadi "tik" ikaja na kilengeo kikabaki palepale. Mwili hujifunza kwamba teke likija limekuja, halizuiliki, na bastola itarudi yenyewe ikiwa mshiko ni mzuri.

Mshiko basi. Kama unatumia mkono wa kulia, uweke juu kabisa kwenye mgongo wa kishikio, pasibaki nafasi kati ya nyama ya kiganja na chuma. Kiganja cha kushoto kijaze sehemu ya kishikio iliyobaki wazi, na vidole vyake vibane chini ya kikingio cha triga. Kisha mkono wa kushoto ubane kuliko wa kulia. Wanaoanza hufanya kinyume: wanakamua kwa kulia hadi kidole cha triga kinakakamaa. Kidole kilichokakamaa hakiwezi kusogea peke yake, kinavuta na vingine vyote.

Kujua risasi imekwenda wapi kabla ya kuitazama karatasi ni ufundi ninaoupenda kuliko wote. Risasi inapotoka, kilengeo cha mbele kinaruka. Ukikiona pale kilipokuwa wakati kinaanza kuruka, unajua. Kwenye mazoezi piga moja, sema kwa sauti "A" au "C juu kulia", ndipo utazame. Mwanzoni utakosea sana, na sababu kubwa ni kwamba unafumba macho bila kujua. Siku utakapoanza kupatia, hutasimama tena katikati ya kituo kuchungulia matundu, na hapo pekee utaokoa muda mwingi.

Kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine, mpangilio ni macho kwanza, bastola baadaye. Usiitazame shabaha nzima, chagua doa, mahali padogo katikati ya A, macho yatue hapo kabla bastola haijafika. Anayeanza hufanya macho yafuate kilengeo kama mtu anayesukuma toroli. Bastola inapitiliza shabaha, inarudi, inapitiliza tena. Jaribu nyumbani kwa kidole kitupu: tazama pembe ya dirisha, kisha peleka kidole hapo. Kitafika na kusimama. Halafu tazama kidole huku unakipeleka, uone kinavyoyumba. Kiuno na magoti ndivyo vinavyogeuza, mabega yasipande.

Kuchomoa na kubadilisha magazini havihitaji risasi hata moja kujifunza, na kwa hilo mazoezi ya nyumbani bila risasi yanatosha kabisa. Hapa sina mzaha: bastola tupu, chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) imekaguliwa kwa macho na kwa kidole, mara mbili, na risasi zote ziwe chumba kingine, siyo kwenye droo ya chumba hichohicho. Ukuta unaoelekea uwe ule unaoweza kuzuia risasi. Ukimaliza, umemaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, wala usirudie "moja ya mwisho" baada ya kuijaza. Na kidole kikae nje ya kikingio cha triga wakati unabadilisha magazini au unasogea, kwa sababu kwenye mashindano kosa hilo linakuondoa siku hiyohiyo, na hakuna mtu atakayekubembeleza. Tabia ya nyumbani ndiyo itakayokuja uwanjani.

Dakika kumi hadi kumi na tano, siku nne kwa wiki, zinashinda Jumamosi moja ya saa tatu. Weka taima ilie mara mbili: mlio wa kuanza na mlio wa kumaliza. Anza na muda unaokutosha kwa raha, kisha punguza sehemu ya kumi ya sekunde kila unapofanikiwa mara nane kati ya kumi. Mimi hutenga pia sehemu ya mazoezi ya kwenda kasi kuliko uwezo wangu, kwa makusudi, ili nione kitu gani kinavunjika kwanza. Kikivunjika, ndicho cha kurekebisha wiki hiyo. Walimu wengine hawaipendi njia hii kwa anayeanza; mimi naona mtu asiyewahi kuvuka mpaka wake hajui mpaka uko wapi. Ila ni ya mazoezini tu.

Siku ya mashindano, tumia muda wa kukagua kituo kuamua mwendo wa kila shabaha. Kwa matokeo ya karibu alama 5 kwa sekunde, tofauti ya A na C ni alama 2, sawa na sekunde 0.4. Risasi iliyopotea ni sekunde 3. Kwa hiyo shabaha ya mita 5 iliyo wazi, pita. Ukiona rangi ya karatasi nyuma ya bastola, fyatua. Ya mita 20 iliyofunikwa nusu, amua mapema kwamba utasimama hapo. Nikikagua kituo hutembea nikiinua mikono mitupu, natamka kimoyomoyo "pita, pita, magazini, pita, simama", hadi maneno yaje yenyewe. Kisha saa ikilia na nikafika kwenye ile "simama", najipa nusu sekunde nzima kwenye kilengeo cha mbele, hata kama mwili wote unataka kukimbia.