Ukuta wa matangi ya mafuta si uzio

Kila mjadala kuhusu ghala la mafuta ghafi la Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la mafuta kutoka Uganda, ukifika kwenye mazingira, hakosekani mtu wa kusema: "Si matangi yamezungushiwa ukuta?" Mwulize ukuta upi, atakuelezea uzio, ule wenye geti na mlinzi. Uzio ni wa kuzuia wezi.

Ukuta unaozuia mafuta wahandisi huuita bandi. Ni tuta la udongo ulioshindiliwa, au ukuta wa zege, unaozunguka tangi na kufanya beseni. Tangi likipasuka au likijazwa kupita kiasi, mafuta yabaki humo mpaka yavutwe kwa pampu. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kazi iko kwenye sifa zake. Bandi haijengwi ili ibebe mafuta ya matangi yote kwa pamoja. Kanuni ya Uingereza, ambayo hutajwa sana, inataka nafasi ya asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote yaliyomo, au asilimia 25 ya ujazo wa jumla, ipi iliyo kubwa. Chongoleani imepangiwa matangi 4 ya mapipa 500,000 kila moja. Yangewekwa yote ndani ya bandi moja, kwa kanuni hiyo ingehitajika nafasi ya mapipa 550,000, si milioni 2. Ile asilimia 10 ya juu ni ya maji ya mvua, povu la zimamoto na wimbi la mafuta yanayotoka kwa kishindo.

Hiyo mvua ndiyo watu huisahau, na Tanga masika hayana mchezo. Beseni lisilovuja hujaa maji, kwa hiyo bandi kubwa huwa na koki ya kuyatoa. Koki hiyo hukaa imefungwa siku zote. Mtu huenda kutazama kama juu ya maji kuna utando wa mafuta, kisha huifungua, husimama hapo hapo maji yakielekea kwenye mtambo wa kutenganisha mafuta na maji, na huifunga kabla hajaondoka. Ikiachwa wazi, ukuta wote ni bure. Jaipur, India, Oktoba 2009, petroli ilivuja wakati wa kuihamisha, na koki ya bandi ilikuwa wazi. Mafuta yakaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua nje ya ukuta. Mlipuko uliofuata uliua watu.

Hata koki ikiwa imefungwa, zege lina viungo, na mabomba hupita ukutani. Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, tangi la petroli lilijazwa hadi likafurika kwa sababu kipimo chake kilikwama na swichi ya dharura haikufanya kazi. Moto uliunguza matangi zaidi ya 20. Bandi zilivuja kwenye viungo na pale mabomba yalipopenya, na mafuta yaliyochanganyika na povu la zimamoto yakafika kwenye maji ya chini ya ardhi. Kuta zilikuwepo zote. Kwa hiyo swali la maana kwa mkaguzi ni lini viungo vilipimwa mara ya mwisho, na sakafu imezibwa kwa kitu gani.

Jambo moja zaidi, nalo wavuvi wa Tanga wana haki ya kulisikia waziwazi. Bandi inalinda nchi kavu inayozunguka matangi. Meli ikipakia mafuta gatini na bomba la kupakilia likachomoka, hayo yako baharini tayari, nje ya ukuta wowote. Huko kinga ni vali za kufunga haraka, vizuizi vinavyoelea, boti zilizo tayari na watu waliofanya mazoezi. Anayeulizia mikoko na samaki akajibiwa kwa habari za ukuta, bado hajajibiwa; arudie swali lake kwa upole, safari hii aulize juu ya gati.