Je, wajua kwa nini wanafizikia duniani kote hulitaja jina la mwanafunzi wa Shule ya Mkwawa, Iringa?

Iringa inawakumbuka wapiganaji wake. Ukienda Kalenga utaonyeshwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukipita Lugalo utaukuta mnara pale Wahehe walipolipiga jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski mwezi Agosti 1891. Ipo kumbukumbu nyingine ya Iringa ambayo haikujengwa kwa jiwe. Imo kwenye vitabu na majarida ya fizikia duniani kote, nayo inaitwa athari ya Mpemba: maji ya moto, katika hali fulani, huwahi kuganda kuliko maji ya baridi.

Jambo lenyewe si geni. Aristotle alilitaja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na baadaye Francis Bacon na René Descartes nao wakaliandika. Kwa nini basi halikuitwa kwa jina la mmoja wa wakubwa hao, likaitwa kwa jina la Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika?

Mambo yalianzia Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja mwenzake aliwahi kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba hutumia maziwa ya moto ili yawahi kuganda. Hapo Mpemba akajua kwamba alichokiona watu wa kazi hiyo walikuwa wakikitumia kila siku.

Alipofaulu akapelekwa Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Darasani wakafika kwenye kanuni ya Newton ya upoaji, inayosema kasi ya kitu kupoa inategemea tofauti ya joto kati yake na mazingira. Akauliza tena swali lake. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea chochote, wenzake walimkumbusha kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Mchana mmoja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili (vikombe vya maabara), moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja, bika iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Baada ya mazungumzo yake wanafunzi waliruhusiwa kuuliza, na Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukavitia kwenye friji, kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimwambia baadaye kwamba amewaaibisha. Osborne alimwomba arudie swali, akamuuliza kama kweli amejaribu. Alipojibiwa ndiyo, akasema hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Namheshimu sana Osborne kwa neno hilo. Daktari wa fizikia, mbele ya ukumbi mzima wa wanafunzi, amesema hajui, na kisha akatimiza ahadi. Fundi wa maabara yake alipofanya jaribio alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, na jibu likabaki lile lile. Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala ya watu wawili, Mpemba na Osborne, na jina la Mpemba likatangulia. Wakati huo kijana alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, Moshi, akisomea kazi ya uhifadhi aliyoifanya baadaye. Mwaka huo huo mtafiti wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha jambo hilo kwa njia yake, lakini jina lililoshika ni la Mpemba.

Basi jibu la swali letu ndilo hilo. Wakubwa wa kale walilitaja jambo hili, kisha kanuni za joto zilipokomaa likaonekana ni imani tu na likasahauliwa. Mpemba alilirudisha likiwa na vipimo, kama swali ambalo mtu yeyote mwenye friza angeweza kulijaribu. Shule ile leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mahali wanapoandaliwa walimu. Natamani swali lile, pamoja na nyuzi zake 35 na 100, lichongwe pale mahali ambapo kila mwalimu mtarajiwa atapita akilisoma kabla hajamwambia mtoto yeyote kwamba amechanganyikiwa.

Sasa, kwa nini hutokea? Osborne alianza kwa kuondoa majibu mepesi. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke, hivyo yanayobaki ya kugandishwa ni machache; alipima na kuona upungufu huo hautoshi kueleza tofauti. Wengine husema ni hewa iliyomo ndani ya maji. Osborne alitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa, ambayo hewa yake imeshatoka. Wengine husema chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu chini yake, kikakaa vizuri zaidi juu ya chuma baridi. Hili huenda lilichangia kule Magamba, lakini Osborne aliweka bika zake juu ya kipande cha povu gumu jeupe (polistireni), lile linalofungia vyombo vya umeme, na bado tofauti ilionekana. Alipomimina mafuta kidogo juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Maana yake joto lilikuwa likitokea juu. Maji yaliyoanza yakiwa ya moto huzunguka kwa nguvu, na tabaka la juu hubaki na joto kuliko la chini, hivyo hulitoa haraka.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upoaji wa maji hadi nyuzi 0 na hawakuiona athari hii. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kukudanganya. Lakini kupoa hadi nyuzi 0 si kuganda, kwa sababu maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada waliiona athari hii bila barafu kabisa, kwa chembe ndogo mno ya kioo iliyoongozwa kwa mwanga wa leza ndani ya maji.

Ukitaka kujaribu nyumbani, tumia vyombo viwili vya bati vinavyofanana. Glasi inaweza kupasuka. Pima maji kwa ujazo sawa, yenye joto la nyuzi 35 na 90. Amua kabla ya kuanza kama unangoja barafu ya kwanza au maji yote yawe barafu, kwa sababu majibu yanaweza kutofautiana. Rudia mara kadhaa, na kila mara badilisha nafasi za vyombo, maana pembe moja ya friza huwa na baridi kuliko nyingine.