"Safi na salama" ni maneno mawili

"Maji yamerudi, ni safi na salama." Sentensi hii husikika kila mara maji yanapokatika kisha yakarudi, na mara nyingi anayeisema amefungua koki, akatazama bilauri, asione tope. Alichokiona ni usafi. Usalama hakuuona, kwa kuwa hauonekani.

Maana yenyewe ni fupi. Maji safi hayana tope, rangi, harufu wala ladha ya ajabu. Maji salama hayamdhuru anayeyanywa, si leo wala baada ya miaka.

Maneno yote mawili tumeyapata kwenye Kiarabu, ila kwa mizizi tofauti. Safi ni neno la macho: kitu kilichong'aa, kisicho na ukungu wala mashapo. Kwetu limepanuka hadi roho safi na kazi safi, na huenda ndiyo sababu limeanza kubeba mizigo isiyo yake. Salama ni ndugu wa salimika, usalama na salamu. Kiini chake ni kuwa mzima, kuepukana na dhara. Msafiri hatumwombei afike safi. Tunamwombea afike salama salimini, hata kama vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Kwa hiyo salama haielezi maji yanavyoonekana, inaeleza yatakayompata mnywaji. Na ile "na" iliyo katikati inajumlisha, haimaanishi "yaani".

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu kuzunguka bomba la kisima cha mtaa wa Broad Street, London, mjane mmoja aliyehamia mbali alikuwa akiletewa maji ya bomba hilo kwa sababu aliyapenda ladha yake. Aliyanywa, akafa. Macho na ulimi havikumwonya, na havina namna ya kuonya: bakteria aina ya E. koli, anayeishi kwenye kinyesi, ana urefu wa mikromita 2 hivi, na maelfu yao wanaweza kuwemo kwenye bilauri inayong'aa kama kioo.

Wanaingiaje? Bomba lenye presha husukuma maji nje kupitia kila ufa. Maji yakikatika presha hushuka, na ufa uleule sasa huingiza maji ya udongoni, pengine yaliyochanganyika na ya choo. Mpira wa maji uliozamishwa kwenye ndoo nao hunyonya kurudi ndani. Presha inaporejea hung'oa kutu na utando uliokuwa umeganda kwenye kuta za bomba. Kutu utaiona. Vilivyoingia kupitia ufa hutaviona.

Basi kazi nazo ni mbili, kusuuza mabomba na kutibu maji. Kwanza funga maji yanayoingia kwenye hita na kwenye tangi, uchafu usije ukatuama humo. Fungua vichujio vidogo vya midomoni mwa koki, la sivyo mchanga utajazana hapo na maji yatatoka kwa kudondoka. Anza na koki iliyo karibu na mita, maji ya baridi, wazi kabisa, dakika 5 au zaidi mpaka yang'ae, kisha ifuate nyingine. Yakitoka kama maziwa, weka bilauri mezani uitazame: yakianza kung'aa chini kwenda juu, ni viputo vya hewa tu. Nguo nyeupe zisubiri, kwani kutu ikikutana na dawa ya klorini huacha madoa yasiyotoka.

Hapo yamekuwa safi. Ya kunywa, kupikia na kupigia mswaki yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika 3, kwani huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Usipoweza kuchemsha, tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 6, matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini lazima isikike. Isiposikika, rudia kipimo hicho na usubiri dakika 15 nyingine. Wengi hutia dawa kwenye maji yenye tope. Tope hula klorini na kuwaficha vijidudu, kwa hiyo yachuje kwanza kwa kitambaa. Hata katika usemi wetu, safi hutangulia salama.

Kuchemsha kuna mipaka yake pia. Huua vijidudu, hata kimelea Kriptosporidiamu anayestahimili klorini, lakini madini ya risasi na dawa za wadudu hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea.

Kwa hiyo koki ikitoa maji maangavu, sema yamesafika. Ni kweli, na ni habari njema. Neno salama liache mpaka sufuria itokote, au mpaka majibu ya maabara yatoke. Sampuli ya kutafuta E. koli huoteshwa kwa takriban saa 24, hivyo tangazo la kuwataka watu wachemshe maji linaloendelea siku moja au mbili baada ya maji kung'aa halijasahauliwa. Wanaopima wanasubiri neno la pili.