Virusi ni vilevile, mbona wagonjwa hawafanani?

Baada ya kutoa elimu ya afya kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mvuvi mmoja alisubiri wenzake waondoke ndipo akanisogelea. Kaka yake wa tumbo moja alifariki kwa ukimwi mapema sana, kabla dawa hazijafika kijijini kwao. Jirani yao, ambaye hali yake haikuwa siri, aliambukizwa miaka hiyohiyo, lakini ameendelea kuvuta nyavu bila dawa na bila kuugua. "Daktari, au kuna mtu alimfanyia kitu kaka yangu?" Nilimwambia hapana. Nilifurahi kwamba ameniuliza, maana swali hilo wengi hulipeleka kwingine.

Seli iliyovamiwa na virusi haikai kimya. Huchukua vipande vya protini za virusi na kuvianika nje, kama dagaa juu ya kichanja, ili askari wa kinga wanaopita wavione na kuiua seli hiyo. Protini zinazofanya kazi ya kichanja huitwa HLA, na aina zake ni maelfu. Kila aina hushika vipande fulani na kuviacha vingine. Seti moja ya jeni zake tunarithi kwa baba, nyingine kwa mama, ndiyo maana hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kufanana kabisa.

Zipo aina zinazovibana VVU kuliko nyingine. Moja inayopatikana kwetu Afrika ni B*57:03. Hii huanika vipande vya ganda la ndani la kirusi, sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha bila kujiumiza. Ni kama mtu achonge mkuku wa mtumbwi wake ili usitambulike: atawapita askari, lakini mtumbwi utayumba. Kirusi kilichojibadilisha hapo huzaliana kwa shida. Wanaoweza kuvidhibiti virusi bila dawa kwa miaka mingi hawafiki 1 katika kila watu 100, na miongoni mwao aina za kundi hilo, B*57, huonekana mara nyingi, ingawa si kwa wote.

Ushahidi mwingine uko jirani tu. Boti za kwenda hifadhi ya Gombe huondokea hapohapo Kibirizi. Baadhi ya sokwe wa Gombe wana kirusi ndugu wa VVU, kinachoitwa SIVcpz. (VVU vilivyoenea duniani vilitokana na sokwe wa Afrika ya kati, si hawa wetu.) Watafiti hawawachomi sindano. Huwafuata msituni, wakaokota kinyesi na kukitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba sokwe wenye kirusi hicho walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Mwaka 2015 ikaonekana kuwa wenye aina ya jeni inayofanana kikazi na B*57 ya binadamu walikuwa na virusi vichache kwenye kinyesi. Mimi jambo hili hunigusa kila ninapoiona milima ile.

Si VVU peke yake. Mwaka 2020 huko Uholanzi, vijana wanne wa familia mbili, wote chini ya miaka 35 na wasio na maradhi sugu, walizidiwa na korona hadi kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Jeni yao ya TLR7, inayoushtua mwili virusi vinapoingia, ilikuwa na hitilafu. Iko kwenye kromosomu X, na mwanamume anayo moja tu, hana ya akiba.

Sasa yule jirani. Virusi vichache si sawa na kutokuwa na virusi: anaweza kuambukiza, na mwili wake unaendelea kuchoka ndani kwa ndani. Hahitaji kupimwa jeni ili aanze dawa. Anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, awe na B*57 au asiwe nayo.