Scotland ikitoka Uingereza: hoja hupimwa kwenye sarafu, mpaka na deni

Tuanze na majina, maana Kiswahili chetu kinaita "Uingereza" nchi nzima, na papo hapo neno hilohilo likatumika kwa England peke yake. Humu Uingereza ni muungano wa England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland iliingia tarehe 1 Mei 1707 kwa makubaliano ya mabunge mawili, ikabaki na sheria zake, mahakama zake, kanisa lake na shule zake. Ndiyo maana wanaotaka kutoka wanazungumza kama mshirika wa mkataba, hawazungumzi kama mkoa unaoomba kukatwa.

Kura ya maoni kuhusu Scotland kujitenga ilipigwa tarehe 18 Septemba 2014. Hapana ilipata kura 2,001,926, sawa na asilimia 55.3, ndiyo ikapata 1,617,989. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6. Kigezo kilikuwa ukaazi, na umri ulianzia miaka 16. Mskoti aliyehamia London hakuwa na kura, lakini Mkenya au Mtanzania aliyeishi Glasgow kihalali na kujiandikisha alikuwa nayo, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Hata swali lenyewe lilipimwa kwanza. Serikali ya Scotland ilipendekeza kuuliza kama mpiga kura "anakubali" Scotland iwe nchi huru. Tume ya Uchaguzi ikaona neno hilo linamvuta mtu upande mmoja, likaondolewa.

Nani mwenye ufunguo

Bunge la Scotland halikuwa na mamlaka ya kuitisha kura hiyo lenyewe. Lilikopeshwa na Westminster, yaani bunge la Uingereza lililoko London, kwa Makubaliano ya Edinburgh ya Oktoba 2012 na amri iliyotolewa chini ya kifungu cha 30 cha Sheria ya Scotland ya 1998. Serikali ya Scotland ilipotaka kura ya pili bila amri ya namna hiyo, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 23 Novemba 2022, majaji wote watano wakiwa na kauli moja, kwamba suala la muungano ni la Westminster, hata kama kura yenyewe ingekuwa ya ushauri tu.

Linganisha na Umoja wa Ulaya. Mkataba wake una Ibara ya 50: nchi inatoa taarifa kwa maandishi, saa inaanza kuhesabu miaka miwili, na muda unaweza kuongezwa wote wakikubali. Uingereza iliutumia mlango huo Machi 2017, ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Ndani ya Uingereza kwenyewe hakuna ibara kama hiyo kwa Scotland. Kwa maoni yangu hapa ndipo watetezi wa muungano wana hoja dhaifu kuliko zote. Wanasema muungano unasimama kwa hiari, lakini ukiuliza ni hatua zipi zinaonyesha hiari hiyo imekwisha, jibu ni kwamba itategemea waziri mkuu aliyepo.

Wanaotaka kutoka huanzia hapohapo. Scotland ina viti 57 kati ya 650 katika bunge la Westminster, kwa hiyo serikali inaweza kuundwa bila kuhitaji hata kiti kimoja cha huko. Wanakumbusha kodi ya kichwa ya waziri mkuu Margaret Thatcher, ambayo Scotland ilianza kutozwa mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya England na Wales. (Wazee wa kwetu wanaijua kodi ya namna hiyo na jinsi ilivyopokewa.) Kisha wanakuja kwenye Brexit, yaani huko kutoka Umoja wa Ulaya: mwaka 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki Ulaya, wakatolewa. Upande wa pili hujibu kwamba tangu 1999 Edinburgh ina bunge lake la wabunge 129 linaloamua kuhusu afya, elimu, polisi, na sasa sehemu kubwa ya kodi ya mapato. Jibu hilo ni la kweli, ila haligusi vita, sarafu wala Ulaya.

Sarafu, mahali hoja ya kutoka inapokwama

Chukua noti ya pauni kumi ya Scotland. Mtoaji wake ni benki ya biashara. Scotland ina benki tatu zenye ruhusa hiyo. Noti hiyo ina thamani kwa sababu, kila benki ikichapisha noti zake, lazima iwe na mali ya kiasi hicho iliyowekwa pembeni, na sehemu kubwa huwekwa Benki Kuu ya Uingereza. Huko ndani kuna noti zisizotoka nje kamwe: zinazoitwa Giant, moja ikiwa ya pauni milioni 1, na Titan, ya pauni milioni 100, kubwa kama karatasi ya ofisini ya A4. Picha iliyo kwenye noti ni ya Scotland. Dhamana iko London.

Mwaka 2014 serikali ya Scotland, chini ya Alex Salmond, ilipendekeza kugawana pauni, yaani nchi mbili na benki kuu moja. Waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, alikwenda Edinburgh mwezi Februari akakataa, na vyama vingine vikubwa vya Westminster vikamuunga mkono. Baada ya hapo zinabaki njia mbili, kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kuendelea kutumia pauni bila ruhusa ya mtu, jambo ambalo hakuna awezaye kulizuia. Tatizo ni kwamba riba itapangwa kwa kutazama hali ya England, na benki ikiyumba hakuna wa kuchapisha fedha kuiokoa. Hili si la kufikirika. Baada ya msukosuko wa 2008, hazina ya Uingereza iliweka pauni bilioni 45.5 katika Royal Bank of Scotland, benki ambayo mizania yake peke yake ilikuwa imepita uchumi wote wa Uingereza. Nchi ya watu milioni 5 na nusu isiyo na sarafu yake isingeweza kuibeba.

Ya pili ni sarafu mpya. Hapo ugumu uko kwa mwananchi wa kawaida. Mkopo wake wa nyumba umeandikwa kwa pauni ya zamani, mshahara utalipwa kwa mpya. Mpya ikishuka asilimia 15, mkopo unakuwa mzito kwa kiasi kinachozidi hapo kidogo bila yeye kukopa hata senti. Kila mwenye akili ataona hilo mapema na kuhamisha akiba yake kwenda benki ya England kabla ya siku yenyewe.

Jambo hili lilishatokea. Czechoslovakia ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, Wacheki na Waslovakia walikubaliana waendelee na sarafu moja kwa muda. Fedha zikaanza kukimbia kutoka benki za Slovakia kwenda upande wa Wacheki, kwa hofu kwamba ya Slovakia itashuka. Tarehe 8 Februari mpango ukafa, wiki tano tu tangu uanze. Noti mpya hazikuwa zimetosha, hivyo noti za zamani zikabandikwa stempu ndogo za karatasi, moja moja, kuonyesha hii ni ya nchi ipi.

Wanaotaka kutoka hutaja Ireland, na wana haki. Ilijitenga mwaka 1922, ikatoa pauni yake mwaka 1928, ikaishikiza moja kwa moja kwenye pauni ya Uingereza hadi 1979, wala haikuanguka. Lakini soma bajeti za miaka ile: mwaka 1924 serikali mpya ilikata shilingi moja katika pensheni ya wazee ya shilingi kumi kwa wiki. Sarafu iliyoshikizwa kwa nyingine hulindwa kwa kubana matumizi, na ukweli huo haukuchapishwa kwenye mabango ya kampeni.

Hesabu za kila mwaka

Kwa mwaka wa fedha 2023/24 takwimu za serikali ya Scotland yenyewe zilionyesha nakisi ya asilimia 10.4 ya pato la taifa, huku ya Uingereza nzima ikiwa 4.5. Wapinzani wa muungano wanasema hiyo ni picha ya Scotland iliyo ndani, ikiwa na fungu lake la ulinzi na riba ya deni alivyovipanga mwingine. Ni sawa, sehemu ya gharama hizo ingebadilika. Pensheni na hospitali zisingebadilika.

Mafuta ya Bahari ya Kaskazini hayakupaswa kubeba hoja hii. Andiko la serikali ya Scotland la Novemba 2013 lilikadiria mapato ya kati ya pauni bilioni 6.8 na 7.9 kwa 2016/17, likitegemea pipa kwa dola 110. Siku ya uhuru ilipangiwa 24 Machi 2016. Katika mwaka wa fedha wenye siku hiyo, 2015/16, mapato yalikuja pauni milioni 60.

Mpaka

Brexit iliwapa wanaotaka kutoka sababu mpya, na papo hapo ikapandisha gharama ya kutoka. Mwaka 2014 Scotland na England zote zingeweza kuwa ndani ya soko la Ulaya, na lori lingepita Gretna, mji wa mpakani, bila kusimama. Leo Scotland ikirudi Ulaya, mpaka wa kilomita 154 unakuwa mpaka wa forodha, na takriban asilimia 60 ya mauzo yake ya nje huenda sehemu nyingine za Uingereza.

Wauza samaki wa Scotland wanajua forodha inavyofanya kazi, maana waliionja Januari 2021. Lori moja la kwenda Ufaransa hubeba shehena za wauzaji wengi. Kila shehena inahitaji cheti cha afya kilichosainiwa na ofisa mwenye idhini, tamko la forodha, na kwa samaki wa kuvuliwa baharini, cheti cha uvuvi. Muuzaji mmoja akikosea karatasi yake, lori zima linasimama, na kamba wa wenzake wote wanapoteza siku sokoni. Katikati ya mwezi huo wafanyabiashara walipeleka malori yao London kuandamana.

Deni na mali

Tarehe 13 Januari 2014 hazina ya Uingereza ilitangaza kwamba italipa yenyewe deni lote lililotolewa hadi siku ya kutengana, vyovyote itakavyokuwa, ili wakopeshaji wasipandishe riba. Tangazo hilo lilituliza soko, lakini pia lilimpa Salmond fimbo: bila kugawana pauni, hatuchukui sehemu ya deni. Kimahesabu alikuwa na hoja. Kiutendaji, serikali mpya inayoanza kwa kukataa deni hukopa yake ya kwanza kwa bei ghali.

Nyambizi za nyuklia za Uingereza zilizoko Faslane, kambi ya jeshi la majini huko Scotland, zingekuwa meza ya peke yake ya mazungumzo. Majengo, balozi, reli na mifuko ya pensheni vyote vinahitaji orodha, bei na siku ya kukabidhiana. Kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, ulisainiwa Mei 1984, na wastaafu wake nchini Tanzania walikuwa bado mahakamani wakidai mafao miaka mingi baadaye.